Chungu Kimoja kwenye Bato ya Goma

Wiki iliyopita nilipanda bato ya Goma, boti moja ya hizi za leo zinazokimbia kama zimeiba kitu. Viti vyake ni vya kitambaa, madirisha yamefungwa, na kule mbele televizyo inapiga kelele ambayo hakuna anayeisikiliza. Tulipoiacha bandari ya Bukavu, nyumba za Muhumba zikaanza kuwa ndogo nyuma yetu, binti mmoja akapita katikati ya viti akigawa chakula. Kila abiria kisanduku chake. Ndani yake wali, kipande cha kuku, uma wa plastiki, na kakaratasi kadogo ka chumvi kamefungwa vizuri. Nilikashika kale kakaratasi nikacheka peke yangu, hata kijana aliyekaa kando yangu akanitupia jicho kama anayejiuliza huyu maman ana akili zake zote au vipi. Acha nikusimulie wewe, maana yeye hakuniuliza.

Nilikuwa mtoto wa bila chumvi. Ndivyo walivyoniita kwetu Kadutu, miaka ile nchi ikiitwa Zaïre na papa, baba yangu, akivaa abakosti yake, ile suti isiyo na tai, kila asubuhi kushuka mjini kazini. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza shule, uso wangu ulipovimba. Asubuhi macho hayafunguki, jioni miguu haiingii kwenye viatu. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nimelishwa karuho, ile sumu ambayo kwetu mtu hawezi kuumwa hata tumbo bila jina lake kutajwa. Papa alisema maneno hayo yabaki nje ya lupango, ua wa nyumba yake, akanibeba hadi hospitali. Munganga akanibonyeza mguu kwa kidole, akatazama shimo lililobaki kwenye ngozi, akasema ni figo. Alitupa dawa, kisha akamgeukia maman. Kuanzia leo huyu mtoto asionje chumvi, hata kidogo. Makayabu, ule samaki wa chumvi, hapana, mkate hapana, na sambaza, dagaa wa ziwa letu, zile kavu za sokoni ndiyo hapana kabisa.

Hapo ndipo kalipoanza maisha yake kasufuria kangu. Kalikuwa kasufuria ka aluminyumu, mkono mmoja umekatika, kakikaa pembeni ya mbabula ya makaa wakati sufuria kubwa ya nyumba iko katikati ya moto. Ndugu zangu walikula pamoja kwenye beseni moja ya bluu, mikono yote ikigongana, huyu akichokoza, yule akiiba nyama ya mwenzake, maman akiwagombeza. Mimi nilikaa kwenye kastuli mlangoni mwa jikoni na kasufuria kangu magotini. Nikinyoosha mkono kuelekea beseni, kaka yangu mkubwa aliusukuma polepole, bila ubaya wowote, kwa sababu maman alikuwa amewaonya wote. "Weye uko na yako," alikuwa anasema. Na wadogo wakajifunza kutoka kwake. Nikitazama tu, hata sijasogea, katoto kanakotambaa kananiambia uko na yako.

Usidhani nilikuwa nalilia chumvi. Chumvi unaisahau upesi kuliko watu wanavyofikiri. Nilichokuwa nakitamani ni ile fujo ya beseni. Nilikuwa nasikia wanavyocheka, mimi natafuna peke yangu, na kila siku nilijitahidi kumaliza haraka ili nisionekane kwamba nasikiliza.

Basi jioni moja papa akarudi kutoka kazini na neno jipya mdomoni: kurwazyeri. Bakubwa wa kazi yake walikuwa wamempa likizo pamoja na safari ya bato kwa familia yote, kwenda Goma na kurudi, kupitia Ijwi. Kwa ukweli ilikuwa bato ile ile ya siku zote, ya kubeba watu na mbuzi na magunia ya mihogo. Lakini papa alikuwa amewasikia wakubwa wake wakizungumzia safari za majini za Ulaya, ambako watu wanapanda si kwa kufika mahali, wanapanda kwa kufurahi tu, na akaamua kwamba yeye na wake watafanya vile vile. "Siye hatuendi Goma," alitutangazia. "Tunafanya kurwazyeri." Tukalirudia neno hilo nyumba nzima mpaka maman akasema kichwa kinamuuma.

Sijaona tena safari iliyopangwa vile. Kila jioni baada ya kula, papa alizima redio, akatuketisha, akagawa kazi. Nani atashika mkono wa nani kwenye ubao wa kupandia. Nani atabeba mkeka. Kadogo ketu ka mwisho kanakotapika hata kwenye kagari ketu ka kuenda misa, kakae upande gani wa upepo. Maman akanunua kitambaa kimoja cha maua ya kijani, fundi akaja kutupima wote, ili watu wakituona waseme kweli hii ni familia moja. Na mimi nilipimwa. Gauni langu liliposhonwa likatundikwa kwenye msumari chumbani, nami kila nikipita naligusa.

Kazi ngumu ilikuwa chakula. Bato iliondoka asubuhi na kufika jua limeshainama, na watoto wanapata njaa wakiona maji tu. Maman alikuwa ameshapanga: beseni kubwa ya wote, na kando yake kasufuria kangu, kamefungwa kwa kitambaa chake. Hapo ndipo tate alipokataa.

Tate ni mama yake papa. Alikuwa ametoka Walungu na gunia lake la maharage ili asafiri nasi, yeye ambaye alikuwa hajawahi kuweka mguu juu ya maji. "Chungu mbili?" aliuliza. "Mbele ya batu?"

"Maman, mutoto ni mugonjwa," papa alimwambia mama yake. "Munganga njo alisema."

"Munganga hatakuwa mu bato. Batu njo batakuwa mu bato. Bataona famii moja, chungu mbili, na mutoto wa kuvimba anakula pembeni. Batasema nini? Batasema mu hii nyumba tunaogopana. Batasema kuko mwenye kulisha wenzake kintu."

Ukiwa si mtu wa kwetu utasema bibi huyu alikuwa mkali bure. Lakini kwetu anayekupa chakula anakionja kwanza mbele ya macho yako, na anayekataa kula na wenzake amewatukana hata kama hajafungua mdomo. Nyumbani, sawa, majirani walishatuzoea. Kwenye bato, mbele ya wageni wa kutoka kila upande wa ziwa, kasufuria kangu kangekuwa kesi.

"Basi abakie kwa jirani," tate akasema. "Ni siku kidogo tu."

Nilikuwa mlangoni pangu, kwenye kastuli. Nilimtazama maman, nikangoja akatae. Aliendelea kukunja nguo. Papa akajipangusa paji la uso, akasema tutaona. Kwa tate hiyo ilitosha. Kesho yake jirani akaja mwenyewe, mama mwema kweli, akaniinamia akaniambia, "Utakuja na kasufuria kako, nitakupikia muzuri. Utakula kwa utulivu, hakuna mutu atakusumbua." Utulivu! Nilikuwa nimeshiba utulivu mpaka hapa. Nikaenda chumbani nikalitazama lile gauni la maua ya kijani, nikawaza jinsi wenzangu watakavyopanda bato wamefanana wote, na mimi nitafanana nao nikiwa nimekaa uani kwa jirani. Sikulia. Niliona aibu ya kulia kwa ajili ya bato wakati wengine wananionea huruma kwa ugonjwa.

Kilichobadilisha mambo ni mvua. Mchana mmoja maman alikuwa sokoni, mvua ya Bukavu ile isiyobisha hodi ikamfungia huko. Mabati yanapiga kelele, hatusikilizani. Tate akachukua kasufuria kangu, akapasha chakula changu moto, akaniletea mlangoni. Na kwa kuwa yeye hampi mtu chakula bila kuonja, hata mjukuu wake, akamega kipande cha bugali, akachovya kwenye sombe, kisamvu chetu, akatia mdomoni.

Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akanitazama, akatafuna tena.

"Kila siku iko hivi?"

"Ndiyo, tate."

"Na unamalizaka?"

"Namalizaka."

"Juu ya nini?"

"Juu maman njo anapika."

Tate akakaa chini, akanyoosha miguu yake mbele kwenye sakafu, akavuta kasufuria katikati yetu. Tukala wawili mpaka mwisho. Kwenye kukwangua tu alimwita Mungu kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejikwaa. Mimi nilikuwa sijala na mtu tangu munganga atoe amri yake, na sikujua niuweke wapi mkono wangu ili usigongane na wake.

Jioni ile, papa alipozima redio, tate ndiye aliyeanza. "Nilisema chungu moja. Itakuwa chungu moja. Ile ya mutoto."

Kaka yangu mkubwa akauliza taratibu, "Tate, na kuku?"

"Na kuku."

"Na sombe?"

"Na sombe."

"Na mayai?"

"Yai iko na chumvi gani? Kula yai yako uniache."

Papa akakohoa. "Maman, hata chumvi kidogo pembeni, ya bakubwa?"

"Chumvi nitaibeba miye. Mwenye kuitaka ataniomba."

Siku ya kupika maman alikuwa anaimba. Kwa miezi yote ile alikuwa amejifunza peke yake jinsi ya kudanganya ulimi: ndimu, tangawizi, kitunguu cha majani, nyanya zilizokaangwa mpaka zinakuwa tamu, karanga zilizotwangwa kwenye sombe. Alimtokosa kuku, akamkaanga kwa mawese. Sambaza akazichukua mbichi, zikiwa bado zinang'aa. Nyumba ilinukia mpaka kaka yangu akasahau kununa. Bugali ikafungwa kwenye majani ya ndizi, beseni ya bluu ikafunikwa kwa kitambaa na kukazwa mafundo. Na mbele yetu sote tate akachota chumvi kwenye kopo, akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake.

Bandarini kulikuwa na ukungu. Pirogi za sambaza zilikuwa zinarudi, wavuvi wamelala nusu juu ya makasia. Bato ilinuka mafuta ya mazutu, mbuzi na mananasi. Ilipopiga honi, nikamshika maman mkono kwa nguvu, maana mpaka dakika ile nilikuwa naogopa mtu atakumbuka kwamba mimi nilipaswa kubaki. Hakuna aliyekumbuka. Tulitandika mkeka juu, kwenye sitaha, sote na maua yetu ya kijani. Kadogo kakatapika kabla hatujatoka hata kwenye ghuba, upande ule ule papa aliokataza. Tate alifumba macho, akashika rozari yake, na hakuyafumbua mpaka mtu mmoja alipomwambia kwamba ile milima ya migomba ni Ijwi. Ziwa lilikuwa limelala. Hakuna tone hata moja lililoruka kutufikia. Likumbuke neno hilo.

Jua lilipofika katikati, maman akafungua beseni. Alikuwa ameshafikiri kila kitu: mimi nitakaa kwake, upande huu, na wale wa upande ule watanyunyiza chumvi yao. Kwa kijiko akachora mstari kwenye sombe, mpaka kabisa, huku kwangu na kule kwao. Nilipouona ule mstari moyo wangu ukashuka. Nikajiambia sawa, ni beseni moja, hata hivyo.

Mikono yote ikanyooshwa kwa tate. Akakamata pembe ya kitenge, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, taratibu, kwa heshima zote. Akakung'uta. Hakuna kitu.

"Aah!" akasema. "Mayi ya ziwa imeikula."

"Lakini tate," kaka yangu akaanza, "hakuna mayi iliyotufikia."

"Weye unajua ziwa kunishinda?"

Mimi nilikuwa nimeegemea paja lake, na ile pembe ya kitenge ilikuwa karibu na shavu langu. Ilikuwa kavu. Sikuiona chumvi wala unyevu wa chumvi. Nilimwangalia tate, naye akatazama mbali, kwenye migomba ya Ijwi, kama mtu aliyeona ng'ombe wake huko. Maman akamtazama pia. Kisha akachukua kile kijiko, akakoroga sombe yote, mstari ukapotea.

Kwetu huwezi kufungua chakula bila kumkaribisha aliye karibu. Karibu yetu alikuwa muzee mmoja wa abakosti iliyopigwa pasi, mtu mzito, inaonekana mkubwa wa mahali fulani. "Karibu, sitwayen, tule," papa akamwambia, maana enzi zile kila mtu aliitwa sitwayen, mwananchi. Ningependa ungeona. Muzee akanawa, akapiga magoti kwenye mkeka wetu, akamega bugali, akaichovya vizuri, akaitupia mdomoni. Uso wake ukasimama. Alitafuna mara moja, akatazama beseni, akatutazama sisi mmoja mmoja, maua ya kijani matupu, sote tunatafuna kama hakuna neno. Kukataa hakuweza, tungesema anatuogopa. Akameza. Akamega tena kwa ajili ya adabu. "Merci, sitwayen," akamwambia papa. "Maman anapika muzuri sana." Kaka yangu akajifunika uso kwa mikono yake miwili, papa akageukia ziwani mabega yakimtikisika, na tate akasema kwa sauti ya kanisani, "Ongeza, muzee, iko mingi."

Nilicheka nao. Si kutoka mlangoni, rafiki, nilikuwa katikati yao. Kaka yangu akaniibia ngozi ya kuku mbele ya macho yangu, nikampiga kibao cha mkono, akaniibia tena. Vidole vyangu vilikuwa vinagongana na vya kila mtu. Nikasubiri mmoja aseme lile neno, uko na yako. Hakuna aliyelisema. Hapo machozi yakanitoka, mengi, mdomo wangu bado umejaa chakula. Maman akashtuka, akauliza kama ni mfupa umenikwama. Tate akamzuia kwa mkono.

"Mwache," akasema. "Anatutilia chumvi."

Goma tulikaa siku chache, lakini ukiniuliza kuhusu Goma sitakuwa na cha kukuambia. Tuliporudi nyumbani kasufuria kangu kakarudi pembeni ya mbabula na mimi nikarudi kwenye kastuli, maana nyumba haiwezi kula bila chumvi milele na hakuna aliyewadai hivyo. Ila mara moja moja, hasa mvua ikinyesha, tate akiwa kwetu alikuja kukaa chini kando yangu, miguu mbele, akisingizia kwamba beseni ya watoto ina kelele.

Siku munganga aliposema nimepona, maman alilia jikoni. Akapika makayabu, akaweka beseni ya bluu katikati, akaniita. Nikaja, nikakaa. Lakini kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaenda masomo Kisangani, anayemfuata yeye alikuwa Kamituga anatafuta dhahabu, na tate tulikuwa tumemzika Walungu. Tulikula watatu wanne, mikono haigongani. Baadaye papa akakosa kazi, nchi ikabadilisha jina, vita vikapita juu yetu, na kila mmoja akaangukia upande wake. Beseni sijui ilipotelea wapi. Siku hizi mimi nakaa peke yangu, na napika kwenye sufuria ndogo kwa sababu kubwa itanipikia chakula cha nani?

Ndiyo maana kale kakaratasi ka chumvi kalinichekesha. Nikainua macho kuutazama ule mstari wa viti mpaka mbele. Watu wote walikuwa wameinama, kila mmoja na kisanduku chake magotini, kimya, wanatafuna haraka. Nje, Ijwi ilikuwa inapita na migomba yake.

Nikamgeukia kijana wa kando yangu, nikamsogezea changu. "Karibu, mwanangu, tule."

Akachomoa kale ka muziki sikioni, akaona mkono wangu umenyooshwa, akatabasamu vizuri kabisa. Alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Merci, maman," akaniambia. "Niko na yangu."

Nikarudisha mkono wangu. Kale kakaratasi nikakafunga kwenye pembe ya kitenge changu, fundo la kwanza, fundo la pili, nikala bila chumvi mpaka Goma.